Sekunde Mbili za Mtambo Mkubwa

Siku hiyo Shangazi aliniachia kazi nzima. Si kushika ngazi wala kubeba waya, hizo nimefanya mpaka basi tangu nimalize shule. Kazi yenyewe. Shangazi ni fundi simu, na hospitali moja kubwa ilikuwa na ofisi ghorofa ya tatu, ya kuwaita watu wa kuchangia damu. Ofisi ilikuwa imenunua swichibodi yake ndogo, ya kuunganishia simu sita. Ila ile ndogo haitoki nje yenyewe, lazima ipitie mtambo mkubwa wa hospitali nzima, uko chini kabisa. Ni kama kuolewa ukaishi kwa mama mkwe: ukitaka kutoka, unaaga kwanza. Kuaga kwenyewe ni kubonyeza tisa.

Mtambo mkubwa una mwenyewe, fundi mfupi tuliyemwita Kibiriti maana huwaka haraka. Hakututaka. Alimwambia mkuu wa ofisi tutamharibia laini zake. Mkuu akaamua: ikifika saa sita mchana simu ziwe zinatoka nje, la sivyo Kibiriti akate waya zetu na Shangazi asipewe tena kazi pale. Na kwa hali hiyo Shangazi akanikabidhi mimi bisibisi. Nilipomuuliza kama ana uhakika, akasema hana mpango wa kunifundisha mpaka azeeke.

Saa nne nikawa nimemaliza. Nikabonyeza tisa, mlio ukaja, nikapiga namba ya Shangazi, simu ikalia kwenye mkoba wake. Nikatangaza tayari. Nikaanza na kukunja waya, najiona bwana harusi.

Karani akakaa kwenye kiti chake. Namba za wachangiaji tulishaziweka ndani ya swichibodi, unabonyeza kitufe kimoja inajipigia yenyewe. Akabonyeza. Sauti ya mtambo ikasema namba hiyo haipo. Akajaribu kingine, haipo. Cha tatu, kimya kama kaburini. Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyekuuzia kiatu cha mguu mmoja.

Nikafungua kila kitu. Nikabadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikabana skrubu ambazo zilikuwa zimebana tangu zizaliwe. Nikipiga kwa mkono, inatoka. Kitufe kikipiga, haitoki. Saa tano na nusu Kibiriti akaingia na koleo lake, akavuta kiti.

"Endelea tu, mdogo wangu. Mimi nimekuja kupumzika."

Nikamgeukia Shangazi, yuko dirishani na mikono yake kifuani. Nilijua akinisogelea tu, kazi si yangu tena. Hakusogea.

"Acha kushikashika," akasema. "Sikiliza."

Basi nikaweka simu sikioni, nikamwomba karani abonyeze. Nikasikia tisa na namba yote zikimwagika kwa pumzi moja, trrrr, zikakaribia kuisha. Halafu ndiyo mlio wa mtambo mkubwa ukaja, taratibu, kama mtu anayetafuta ndala zake. Nikacheka peke yangu. Mtu akipiga hodi anangoja karibu. Swichibodi yetu ilipiga hodi ikiwa imeshafika jikoni. Mimi kwa mkono nilikuwa nangoja mlio bila hata kufikiria, ndiyo maana nilipata. Kitufe hakingoji, kwa hiyo tarakimu za mwanzo za namba zilipotea kabla mtambo mkubwa haujafungua mlango.

Nikaingia kwenye mipangilio ya swichibodi, nikaiambia ikishapiga tisa itulie sekunde moja. Haikutosha. Nikaweka mbili.

Saa sita kasoro dakika nne karani alibonyeza, na mama mmoja akapokea. Karani akamweleza damu ya kundi lake inahitajika kesho asubuhi. Yule mama akasema atakuja, na mumewe atakuja naye. Karani akaandika, akabonyeza kitufe cha pili bila hata kuniangalia, na mimi sikutaka zaidi ya hapo.

Kibiriti alikaa akisikiliza simu tatu, nne, zote zinaingia. Akatia koleo mfukoni, akamsogelea Shangazi na kumuuliza kwa sauti ya chini tumefanyaje, maana kumbe swichibodi ya duka la dawa la hospitali inamsumbua hivyohivyo mwaka mzima.

"Mimi sijagusa kitu," Shangazi akasema, kwa sauti ya ofisi nzima kusikia. "Muulize aliyeunganisha."

Kibiriti akanigeukia.

"Umeifanyaje, fundi?"

Nikamwambia nimeipa sekunde mbili za kungoja mlio. Nikaokota bisibisi, tukashuka wote wawili mpaka duka la dawa, yeye mbele anafungua milango.