Chaguo la Nne la Pweza wa Tumbe

Mwatum alikuwa na jicho. Hilo hata wasiompenda pale Tumbe, Pemba, walilikubali, na wasiompenda hawakuwa haba, kwa sababu mwanamke anayeondoka kwenye mnada wa samaki kila siku na kolekole bora hakosi kusengenywa. Yeye hakujali. Alikuwa akinunua samaki pwani kwa miaka kumi na mitatu, akiwapakia kwenye pikapu kwenda Wete, na katika miaka yote hiyo aliuziwa samaki aliyeharibika mara mbili tu. Zote mbili alizikumbuka kwa tarehe.

Jambo ambalo pwani hawakulijua ni kwamba Mwatum alikuwa pia meneja wa timu ya mpira wa kikapu. Timu yenyewe haikuwa na kiwanja wala jezi. Ilikuwa ndani ya simu, katika ligi ya kompyuta yenye timu ishirini na nne na mameneja kutoka kila pembe ya dunia. Wachezaji wake hawakuzaliwa na mama yeyote; programu iliwatunga, ikawapa majina, umri, urefu na namba, kisha kila siku ikawachezesha yenyewe na kutoa matokeo. Aliyeianzisha timu ni mumewe, Khatib, ambaye ujanani alicheza kikapu cha kweli uwanjani Gombani na mpaka leo hachoki kulisema hilo. Akaiita Pweza wa Tumbe. Baada ya mwezi mmoja akaichoka, Mwatum akaichukua kwa huruma tu, maana ilikuwa inafungwa kila siku na hakuna wa kuiangalia. Sasa ilikuwa miaka minne.

Na sasa ilikuwa karibu kumponyoka. Kanuni ya ligi ile ilikuwa haina mchezo: meneja akishika mojawapo ya nafasi mbili za mwisho misimu mitatu mfululizo, ananyang'anywa timu na kupewa mwingine aliye kwenye foleni, na foleni ilikuwa na watu karibu arubaini. Mwatum alishaburuta mkia misimu miwili. Alifanya hivyo kwa makusudi, aliuza wazee wote akakusanya vijana, lakini kanuni haiulizi makusudi. Msimu huu akishindwa, basi.

Khatib alimwambia kama ni kunyang'anywa anyang'anywe, mchezo tu ule. Kwa Mwatum haukuwa mchezo tu. Pwani alinunua kile ambacho bahari imekileta siku hiyo na wenzake wamekivua. Ndani ya ligi ile tu ndimo alimopanda kitu kwa mkono wake na kukingoja kiote, na aliona uchungu kumwachia mtu mwingine avune.

Tumaini lake lilikuwa katika drafti, yaani ile siku ya kugawana chipukizi wapya. Kila timu huchagua mmoja kwa zamu, na Pweza wa Tumbe walipangiwa zamu ya nne. Orodha ilikuwa na vijana sitini. Namba zao za kucheza zilikuwa wazi kwa kila mtu, ila kipaji, kile ambacho kijana atakifikia akikomaa, programu ilikificha. Kila meneja alipewa pointi thelathini za ukaguzi: ukitumia pointi kwa kijana, pazia linafunuka kidogo.

Kwa wiki nzima Mwatum alizisoma namba zile kila alipopata nafasi, akisubiri pikapu ijae. Akamwona mmoja, Duarte, miaka kumi na tisa, urefu wa kawaida, aliyewekwa wa sita kwenye orodha. Watu walikuwa wakimpita kwa sababu katika kila mitupo kumi alifunga minne. Mwatum hakuishia hapo. Alikwenda kwenye mitupo ya adhabu, ile ambayo mchezaji husimama peke yake mbele ya kikapu bila wa kumzuia, akakuta Duarte anafunga tisa katika kumi. Akaitazama timu aliyotoka, akaona kwamba ni ya hovyo, na kila mpira ulioshindikana alirushiwa yeye sekunde ya mwisho. Kwa hiyo mkono ulikuwa mzima, uliokuwa mbovu ni mazingira. Wengine wametazama macho ya samaki, yeye amefunua shavu aone wekundu wa ndani.

Hakuhitaji hata pointi moja ya ukaguzi kwa Duarte. Alichohitaji ni wale mameneja watatu wenye zamu kabla yake wasimwone.

Hapo ndipo alipofanya kama afanyavyo mnadani. Tumbe, samaki umtakaye humgusi. Unamwinua wa pembeni yake, unambonyeza tumbo, unamnusa, unalalamika bei, mpaka wenzako wanaanza kumtamani yule uliyemshika. Ligi ile nayo ilionyesha hadharani nani kakagua nani. Mwatum akachukua pointi ishirini na moja akazimimina zote kwa jitu moja lenye futi saba na zaidi, Halvorsen. Tisa zilizobaki akazigawa mojamoja kwa vijana wengine wa juu, ili aonekane mtu mwenye hamu ya kila kitu. Khatib alipoona jina la Halvorsen alifurahi kweli, akasema hatimaye mkewe ameanza kuelewa kikapu, maana kikapu ni urefu. Mwatum akamwitikia na kumtilia chai.

Drafti ilianza Jumapili saa nane mchana. Kila meneja alikuwa na saa moja ya kuchagua. Wa kwanza, Mpolandi mmoja mwenye maneno mengi, alimchukua Halvorsen ndani ya dakika tano, akaandika kwenye ukumbi wa mazungumzo kwamba anamsikitikia mwanamke wa Zanzibar. Mwatum akatabasamu peke yake. Wa pili, Mfilipino, akachukua mlinzi mmoja mwepesi. Akabaki wa tatu, meneja wa timu iitwayo Falkoni wa Maskati, mtu asiyesema sana, na akisema huandika Kiingereza. Wote walimdhani Mwomani.

Falkoni wakamchukua Duarte.

Mwatum alilisoma jina mara ya pili. Alikuwa bado hajajua ahisi hasira kwa nani, ulipoingia ujumbe kwa Kiswahili. "Assalaam aleikum, Bi Mwatum. Samaki umtakaye humgusi, sivyo? Mie Nyange, mtu wa Wambaa, Pemba hiihii." Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Alimpigia palepale. Hata hivyo walisalimiana sawasawa, za huko, za nyumbani, watoto hawajambo, vipi hali ya bahari, kwa sababu kuibiwa chipukizi si sababu ya kukosa adabu. Nyange alieleza kwamba alifanya kazi Maskati miaka sita na jina la timu lilibaki toka huko. Baba yake alikuwa dalali wa samaki, na yeye amekulia mnadani miguuni mwake.

"Niliona pointi ishirini na moja juu ya jitu moja, nkasema yuno mwanamke wa pwani, hawezi kuwa mjinga hivi," alisema. "Nkatazama kumi wa juu. Umewagusa wote ila mmoja. Nkajua ndiye."

Mwatum alifumba macho. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kama mtu wa pwani tu awezavyo kukosea: alijificha kwa uangalifu mno. Pointi moja tu angemtupia Duarte, Nyange asingejua pa kutazama. Alikuwa amewapangia hila watu ishirini na watatu wasiojua mnada, bila kukumbuka kuwa Mpemba anaweza kuvaa jina lolote.

Akamwuliza Nyange ameona nini kwa Duarte. Nyange akacheka, akasema hajaona kitu. Namba zake hazimvutii hata kidogo. Amemchukua kwa sababu Bi Mwatum amemkwepa, basi. Na sasa alikuwa na wasiwasi kidogo, akaweka jambo lake mezani: kama Duarte si kitu, yuko tayari kumrudisha kwake, naye apewe yeyote atakayechaguliwa katika zamu ya nne.

"Nakuuliza kwa haki, Bi Mwatum," alisema. "Yuno mzima?"

Mnadani kuna mambo mawili, na kila anayesimama pale anayajua. Usipoulizwa, si lazima useme. Lakini ukiulizwa kwa haki na mnunuzi mwenzako, unasema kweli, na anayesema uongo hapo hapewi tena nafasi ya kusimama karibu na kapu la mtu. Mwatum aliwahi kumwona mzee mzima akigeuziwa migongo mwaka mzima kwa neno moja. Aliona vilevile kwamba neno moja, dogo tu, lingemrudishia Duarte sasa hivi na kuiokoa timu yake. Hakuna ambaye angejua. Simu ilikuwa sikioni na hakukuwa na dalali wala shahidi.

"Mzima," alisema. "Mzima kuliko namba zake."

Kisha Nyange akashukuru kutoka moyoni, akasema Mungu amzidishie, na akasema kwa kuwa anamwamini, basi hamtoi.

Iliuma. Mwatum aliweka simu juu ya mkeka na kukaa, na Khatib, aliyekuwa amesikia nusu ya maneno, akaanza kulalamikia Halvorsen aliyekwenda Polandi, kana kwamba Halvorsen ndiye msiba. Zilikuwa zimebaki dakika arubaini. Mwatum alijua wengine wangefanya nini: wangefungua upya orodha, wangehesabu, wangehangaika mpaka dakika ya mwisho na kuchagua kwa woga. Aliliwaza hilo kwa muda mfupi. Halafu wazo jingine likampitia, akanyoosha mgongo.

Mtu yule hakuona kitu kwa Duarte. Alichukua chaguo la tatu la ligi nzima akaliweka juu ya jicho lake, yeye Mwatum, aliyeshika mkia misimu miwili na kuhurumiwa na Wapolandi. Na mtu yule alikuwa mtoto wa dalali. Ikiwa jicho hili lilimtosha Nyange gizani, litamtosha mwenyewe mchana kweupe.

Kwenye orodha yake mwenyewe, ile aliyoiandika nyuma ya daftari la mwanawe, wa pili baada ya Duarte alikuwa Okpara, mdaka mipira inayokosa kikapu, mpana wa mabega, ambaye ligi ilimweka wa kumi na saba. Hakuwa amemtumia pointi yoyote. Hakumtazama tena. Akalibonyeza jina lake, akathibitisha, na dakika nne tangu akate simu Pweza wa Tumbe walikuwa na chipukizi wao. Ukumbi wa mazungumzo ukajaa vikaragosi vya kucheka. Khatib aliuliza huyo ndiye nani, akaambiwa atamjua.

Ujumbe wa Nyange haukuchelewa. "Na huyo?"

"Mzima," Mwatum akaandika, na ilikuwa kweli.

Kisha simu ikawa inaonyesha kwamba Nyange anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Mwatum alimwona kama yuko mbele yake. Kila mtu wa mnada anaijua ile homa: umeshanunua, samaki yuko mkononi mwako, halafu unamwona mjanja wako akiondoka polepole na kapu jingine bila kupiga kelele, na moyo unakwambia aliyekuwa akimtaka kweli ni yule. Aliyechukuliwa haraka hivi, bila pointi hata moja, kutoka nafasi ya kumi na saba, ana nini?

Ujumbe ukaja. Nyange alikuwa tayari kubadilishana, Duarte kwa Okpara.

Mwatum aliiacha simu juu ya mkeka. Alinyanyuka akafagia uwanja wa nyuma, ambao ulikuwa umefagiwa asubuhi. Alianua nguo, akazikunja mojamoja. Khatib alikuja na simu mkononi akimwambia inalia, naye akamjibu aiache ilie. Aliporudi kukaa alikuta ombi limeongezwa: Duarte, na juu yake chaguo la Falkoni la raundi ya pili ya drafti. Akaandika kwamba amempenda Okpara na kumwachia kunamtia simanzi. Hilo nalo lilikuwa kweli, simanzi ndogo ilikuwepo. Kisha akakubali, na programu ikathibitisha.

Msimu ulipokwisha Pweza wa Tumbe walikuwa nafasi ya tisa. Duarte alifunga kuliko chipukizi yeyote wa ligi, na Mpolandi aliacha kusikitikia watu. Okpara naye hakuwa mbaya. Alidaka mipira kwa bidii na Falkoni walimaliza katikati, pasipo aibu. Halvorsen aliumia goti.

Siku ya matokeo ya mwisho Nyange alipiga simu kutoa pongezi. Walisalimiana, wakaulizana habari za Wambaa na za Tumbe, wakamaliza wote wa nyumbani. Halafu Nyange akaleta lile ambalo Mwatum alikuwa akilingoja.

"Bi Mwatum, siku ile ningekuuliza kwa haki yupi bora kati ya wawili wale, ungenambia?"

"Ningekwambia."

"Wallahi?"

"Wallahi. Ila hukuuliza."