Sinia Lililogeuzwa Posho

Baba alirudi kutoka semina ya wajasiriamali na kofia ya bure, chupa ya maji na wazo. Kofia na maji havikumdhuru mtu.

Wazo alilitangaza Jumatatu asubuhi kwenye karakana yetu ya samani, nyuma ya nyumba, mafundi watatu wakiwa wamesimama juu ya maranda kama gwaride: Lugembe, fundi wa vitanda kutoka Nzega, Shomari, fundi wa kupaka vanishi, na Valentino, ambaye kazi yake ni kila kitu. Tangu enzi za babu, mafundi wetu walikula mchana pamoja na mwenye karakana, sinia moja, ugali na maharage ya mama. Chakula hicho hakikuwahi kuitwa mshahara.

"Kitaalamu," baba alisema, "chakula ni malipo yaliyojificha. Mfanyakazi wa kisasa anapewa fedha, anaamua mwenyewe. Kuanzia leo kila mmoja anapata elfu mbili kwa siku badala ya sinia."

Wakapiga makofi. Lugembe alipiga kuliko wote, maana mke wake alikuwa ametoka kujifungua.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa nasonga mishahara," mama alisema mlangoni. Baba akajifanya hakusikia, taaluma ambayo hakuipata kwenye semina.

Mimi nilikuwa likizo. Shule ya bweni inafundisha vizuri mambo mawili: kula haraka, na kutocheka unapofanya uovu. Baba sasa alikula ndani, mgongo kwa dirisha. Siku iliyofuata mama alikaanga samaki, migebuka iliyoshuka na treni ya Kigoma. Nilifungua dirisha la jikoni linalotazama karakana, nikashika mfuniko wa sufuria, nikaanza kuupepea moshi nje kwa sura ya msimamizi wa mtihani wa taifa.

"Zamda, funga dirisha," Shomari aliita. "Harufu haimo kwenye mkataba."

"Ni ofa, kaka Shomari. Kampuni inawajali."

"Basi mwambie mzee aigeuze fedha nayo."

Valentino alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Kisha yeye na Shomari wakaenda zao kwa mama ntilie. Lugembe alibaki. Alikunywa maji kwenye kopo, akajifuta mdomo, akaendelea kupiga randa. Nikamwona mtu asiye na utani. Jumatano nikapepea tena. Alhamisi nikapepea vitunguu.

Alhamisi hiyohiyo, mafundi wengine wakiwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka kwa mama ntilie, kelele ya baba ikanivuta dirishani. Kitanda cha bibi harusi, mninga mtupu, cha kuchukuliwa Jumamosi, kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Lugembe alikuwa amekata tendegu moja fupi.

"Lugembe, hujawahi kunikosea kipimo," baba alisema. "Kama kazi imekuchosha, sema, nitafute fundi mwingine."

"Haijanichosha, mzee."

Akainuka kwenda kuchukua kile kipande kilichokatwa. Hakukifikia. Akaketi juu ya maranda polepole, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

"Hajala, mzee," Shomari alisema. "Tangu uondoe sinia. Ile elfu mbili inakwenda yote kwa mkewe mzazi."

"Na mchana?"

"Mchana anakunywa maji."

Baba alimtazama Lugembe. Kisha akatazama dirisha la jikoni. Mimi nilikuwa pale, mfuniko mkononi. Ningependelea kofi, maana kofi lina mwisho.

Mama hakusubiri kuambiwa. Alipakua ugali wetu wote, na baba akalibeba sinia mwenyewe mpaka kwenye benchi ya kazi. "Naweni, tule," alisema.

Hakuna aliyesogea. Valentino alimtazama Shomari.

"Samahani, mzee," Lugembe alisema kwa adabu. "Hii itakatwa?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa uani kwetu. Alilileta baba mwenyewe.

"Haikatwi."

"Na elfu mbili?"

Nilimwona baba akipiga hesabu usoni: mbao, vanishi, bei ya vitanda. Analo neno lake la nyakati hizo, "tutaona", na sote tulilisubiri.

"Inabaki," alisema. "Vitanda ndivyo vitakavyopanda bei."

"Na kazi yangu?"

"Kesho utachonga tendegu jingine. Mbao nanunua mimi."

Nilileta birika na beseni niwanawishe. Njiani nilikuwa nimetunga samahani ndefu, yenye utangulizi na hitimisho kama insha. Nilipofika kwa Lugembe ikabaki kidogo tu.

"Kaka Lugembe, lile dirisha..."

"Mimina, mdogo wangu. Chakula kinapoa."

Nikamimina.

Alikata tonge dogo, akachovya, akala. Kabla ya kukata la pili alimtazama baba. Akala, akamtazama tena. Ikawa hivyo tonge kwa tonge, hadi baba, aliyeketi ubavuni kwake, akainamisha kichwa karibu na sinia na kula bila kuinua macho, asije akaonekana anahesabu.