Mistari Minne ya Shu-chen

Kwa miaka kumi na tisa Peng Jui-hsiang alijigamba pale Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu za kompyuta, kwamba hakuna chipu aliyoichora iliyowahi kurudishwa kiwandani. Kwenye karamu za mwisho wa mwaka alimtania Fan Shu-chen, mwandishi wa programu za kuziendesha chipu hizo: "Sisi tunajenga nyumba, dada, nyinyi mnatundika mapazia!" Shu-chen alicheka tu, akamwongezea supu.

Mwezi mmoja baada ya kumzika Shu-chen, Peng aligundua kwamba mistari minne ya programu ya marehemu ilikuwa inaichelewesha chipu kuwaka.

"Ifute," alimwambia Wan-ju, msichana aliyerithi kazi ya Shu-chen.

"Nikiifuta, mjomba, chipu yako inazima. Saketi yako huyumba kila ikiwashwa. Hii mistari inaisubiri itulie."

"Tangu lini?"

"Tangu chipu yako ya kwanza. Marehemu alinikataza nisikwambie. Alisema utaumia."

Peng aliketi. Alitaka kumfokea mtu, akakosa wa kumfokea, na machozi yakamtoka.

"Iache," alisema. "Na juu yake andika: kosa ni la Peng Jui-hsiang, aliyelibeba ni Fan Shu-chen."