Tangi la Upepo

Maji yalikuwa hatua arobaini tu kutoka kwetu. Shemeji yangu Atuganile alikuwa ametua ndoo ya kwanza nyuma ya migomba, akatugeuzia mgongo, kwa sababu baba alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana ya kaka. Kwetu Unyakyusa mke wa mwana hapiti alipo baba mkwe. Na mzee, kwa furaha ya kuona kazi ya mwanawe, hakuwa na dalili ya kuinuka.

Mwaka ule wa 1993 serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, magari ya mitumba yakimiminika stendi ya Ndandalo, matairi yamechoka kuliko madereva. Kaka yangu Gwamaka akachomelea vipande vya bomba nene, akapata tangi la kujazia matairi upepo. Mimi nilikuwa likizo, mwanafunzi wa uhandisi, nimetoka kusoma mwenendo wa hewa inayobanwa. Nikamweleza kwa madaha: maji hayabaniki, tangi lenye maji likipasuka litachuruzika tu. Hewa hujikunja, ikaweka nguvu zote ndani ikingoja upenyo. Ndiyo maana tangi jipya hujaribiwa kwa maji.

"Sasa maji yako wapi, Profesa?" akanitania.

Ningeweza kuyafuata. Lakini msomi abebe ndoo kichwani, stendi nzima ikitazama? Na kumwambia baba asogee sikuthubutu. Nikapiga hesabu kwenye daftari: unene wa chuma, kipenyo, shinikizo. Hesabu ilikubali. Ilidhani tu kwamba kila kiungo kimechomelewa sawasawa.

"Jaza upepo, kaka. Litahimili."

"Ndaga fijo," akanishukuru, akainama kutazama geji.

Mlio sikuusikia. Niliona paa halipo, na baba akitambaa vumbini akimwita Gwamaka kwa jina la utotoni. Kaka tulimzika bila kufungua jeneza.

Muhula uliofuata swali lilikuja kwenye mtihani: kwa nini maji, si hewa? Nilijaza kurasa mbili. Nikapata alama zote, na nilijichukia.

Miaka mitatu baadaye nilishindwa kunyamaza, nikamweleza Atuganile kila kitu. Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji," akasema, "mliniambia nilete maji. Hamkuniambia ya nini. Ningejua, ningepita mbele ya baba mkwe hata uchi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.