Mlango Uliopika Maharagwe

Katika mtaa ule wa Mikelenge, unaoteremka mpaka mtoni, siri haikai. Ukichemsha yai kwako, jirani wa nyumba ya tatu anakuuliza kama chumvi ilitosha. Lakini siri moja ilikaa zaidi ya miaka ishirini, nayo ilikuwa ya mlango wa Mama Mwanvua. Mtaa mzima uliijua, wakubwa na wadogo, na mtaa mzima uliizibia kinywa.

Mwanvua mwenyewe hakuwa mtu wa kuziba kinywa. Barza yake, kile kibaraza cha mbele ya nyumba, ilikuwa na viti saba na kila kiti na mtu wake. Asubuhi chai na mikate, jioni chai na habari: nani kaoa, nani kaachwa, nani karudi kutoka Kailo na mimba na nani asiyetaka kuulizwa. Tangu mume wake Zuberi afariki, watu walizidi kuja, na yeye aliona ndivyo inavyotakiwa. Nyumba isiyo na sauti za watu, alisema, ni godauni.

Mgeni yeyote aliyefika alisimuliwa habari ya mlango kabla kikombe hakijapoa. Kwamba ulichongwa na fundi aliyefuatana na watu wa pwani, zamani zile za misafara. Kwamba babu yake Zuberi aliununua kwa pembe mbili. Kwamba maua yale ya juu yana maana, ila maana yenyewe wazee walikufa nayo. Mwanvua hakuona kwamba anadanganya. Alikuwa anasimulia mlango wa kwanza, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa pili.

Maana mlango wa kwanza ulikwisha kuliwa. Ni hivi.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, wakati wa vita, mji wetu wa Kindu ulifungwa pande zote. Treni ilikuwa imelala, mashua zilikuwa zimelala, na aliyekwenda porini kutafuta kuni mara nyingi ilirudi habari yake tu. Zuberi alikuwa amebahatika kuficha magunia manne ya maharagwe darini. Lakini maharagwe bila kuni ni mawe. Basi majirani wakakubaliana: chungu kimoja, katika uwanja wa Mwanvua, watu arobaini na zaidi, na kila nyumba ilete kuni kwa zamu. Walianza na viti. Vikafuata vitanda. Vitanda vilipokwisha, wakafika kwenye milango.

Okito, mfanyakazi wa reli aliyekaa nyumba inayotazamana na ya Mwanvua, alileta mlango wake wa mbele, kesho yake wa nyuma, kesho kutwa wa chumbani, halafu madirisha. Yeye, mke wake na watoto wakalala nyuma ya mapazia. Mwanvua akawa anasema, "Ule wetu ni wa mama mkwe. Tungoje." Alingoja siku kumi na moja, watoto wake wakila maharagwe yaliyoivishwa na milango ya wenzao. Hakuna aliyemwambia neno. Siku ya kumi na mbili alimwona Okito akija na ngazi ya darini, kipande cha mwisho cha mbao alichobaki nacho. Mwanvua akachukua shoka mwenyewe. Mvule ule ulikuwa mkavu wa miaka mia, na unawaka, wee, hakuna mlango uliowaka kama ule.

Amani iliporudi, ikaja habari kwamba mama mkwe, Bi Mounira, aliyekimbilia kijiji cha Tunda, anarudi. Macho yake yalikuwa yamepofuka, lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Zuberi alikuwa fundi seremala. Alichonga mlango mpya kwa wiki sita, kwa kumbukumbu tu, na kisu kikamponyoka kwenye ua la katikati, jani moja likawa mkia wa samaki. Mtaa mzima uliapa kutomwambia. Bi Mounira alifika, akapapasa mlango juu mpaka chini, akasema, "Mumeupaka mafuta vizuri." Akaishi miaka minne zaidi, akafa ameridhika. Na kiapo kikabaki, kwa sababu hakuna aliyesema kimekwisha.

Sasa, kiangazi cha mwaka huu, alifika Joëlle, binti wa ofisi ya mipango ya mji, na kamba yake ya kupimia, na karatasi za kuuliza watu maoni. Serikali inataka barabara kando ya mto, alisema, na pia inataka kutunza nyumba za zamani. Watu waseme kipi kiwe wapi. Alikaa barzani kwa Mwanvua, akanywa vikombe vitatu. Akaonyeshwa mlango. Akaupiga picha mpaka mkia wa samaki.

"Na hili ni ua gani, Mama?"

"Hilo," Mwanvua alisema bila kusita, "fundi njo alikuwa anajua, fundi peke yake."

Joëlle aliandika. Mwanvua alimwongezea sukari.

Mkutano wa maoni uliitishwa Jumamosi asubuhi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wakiwa bado na majembe na matope miguuni. Darasa la shule lilijaa mpaka madirishani. Félicien, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alifungua kwa maneno mengi, kisha Joëlle akabandika ramani ubaoni.

Mwanvua alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha sikukuu. Kando yake alikaa Euphrasie, mwenye duka la sabuni, chumvi na mafuta pale kona, ambaye maoni yake yalijulikana: barabara ije, hata kesho, hata ipite juu ya kitanda chake.

"Barabara itakuwa ya mita nane," Joëlle alisema. "Kati ya nyumba ya Mama Mwanvua na nyumba ya Papa Okito kuna mita tano na nusu. Kwa hiyo lazima nyumba moja iondoke. Mstari wa kwanza ulipita kwa Mama Mwanvua. Lakini nyumba yake ina mlango wa zaidi ya miaka mia, kwa hiyo tumeiingiza katika nyumba za kutunzwa. Mstari umesogea upande wa pili. Papa Okito atapewa parsele, kiwanja kipya, kwenye barabara ya Kailo."

Watu wa nyuma walipiga makofi kwa ajili ya Mwanvua, kisha makofi yakafia njiani, moja moja, kila mmoja alipofika kwenye hesabu.

Darasa lilinyamaza. Na ule ulikuwa mtaa ambao hata msibani hunyamaza kwa zamu. Mwanvua aligeuza shingo. Aliona vichwa vimeinama, kila mmoja anatazama matope ya mguu wake. Aliona kina mama waliokula chunguni kwake. Aliona Okito, mzee sasa, mvi tupu, kofia ya reli mapajani. Okito alikuwa anajua kuliko wote. Neno moja tu lingerudisha nyumba yake. Hakulisema. Alikuwa ameapa.

"Papa Okito, una maoni?" Joëlle aliuliza.

"Kailo ni mbali kidogo," Okito alisema. "Lakini kuko hewa."

Euphrasie alimsukuma Mwanvua kwa kiwiko, akamnong'oneza, "Dada, nyumba imepona. Tulia. Mimi sijui kitu."

"Unajua. Ulikula sahani mbili mbili."

"Nilikuwa na mimba."

Mwanvua hakucheka. Alikuwa anapima. Nyumba ile ndiyo aliyoolewa ndani yake, aliyozalia ndani yake, aliyomtolea Zuberi ndani yake kwenda kaburini. Akinyamaza inabaki, na kila asubuhi atafungua mlango na kuona barabara mahali palipokuwa na nyumba ya Okito. Akisema, mstari unarudi kwake. Na kumwaibisha Zuberi kaburini, na mama mkwe? Aliwaza mama mkwe angesemaje. Akajua: angeuliza kwanza kama Okito amekula.

Akasimama. Akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayekwenda kuteka maji.

"Mama Joëlle, binti yangu. Futa ile mulango yangu."

"Nifute nini, Mama?"

"Ile ya zamani haiko. Tuliipikia maharagwe wakati ya vita. Hii unaona, bwana yangu aliichonga kisha amani kurudi. Na lile ua uliniuliza, haiko ua. Kisu kilimuponyoka."

Mtu mmoja dirishani alitoa pumzi aliyoishika tangu vita. Kisha wote wakaanza kusema pamoja: nani alileta kitanda, nani alileta stuli ya bibi yake, nani alichochea moto. Miaka ishirini ya maneno ikatoka mara moja. Félicien aligonga meza, hakuna aliyesikia. Joëlle alisimama na kalamu hewani.

"Kwa hiyo mlinidanganya, wote?"

"Hatukukudanganya wewe," Félicien alisema. "Tulimudanganya Bi Mounira. Wewe ulipita tu katikati."

Okito alikuwa amesimama. "Shemeji," alimwambia Mwanvua, "ile wakati ya vita ulichukua siku kumi na moja. Leo umechukua dakika kumi. Uzee unakufaa."

Hapo hata Joëlle alicheka. Kisha akakumbuka kazi yake. "Sawa. Lakini mjue, mlango ukitoka kwenye orodha, mstari unarudi pale pale. Ni nyumba ya Mama Mwanvua itakayovunjwa."

"Nimesikia," Mwanvua alisema, na hakukaa. "Sasa mi nauliza. Umekuja kuchukua maoni, siyo? Ya kwanza ni hii: mita nane njo nani alisema?"

"Ndiyo kipimo. Malori mawili yapishane."

"Yapishane na nini? Tangu nizaliwe sijaona malori mawili yakikutana pale kwetu. Moja likipita, watoto wanalikimbilia kama ndege."

"Yatakuja mengi, barabara ikiwepo."

Okito aliinua kofia yake. "Naweza kusema kama muntu wa reli? Treni yetu inatoka hapa mpaka kusini kabisa juu ya reli moja. Moja tu. Miaka yote zilikutana mbili, na hazikupishana kwa kubomoa nyumba ya muntu. Moja inaingia njia ya pembeni, inangoja, ingine inapita. Kazi yangu ilikuwa ile. Miaka ishirini na sita, hazikugongana."

Joëlle aliitazama ramani. "Njia ya pembeni itakuwa wapi?"

Okito alikwenda ubaoni, akaweka kidole kwenye kona. Palikuwa na uwanja mtupu mbele ya duka la Euphrasie, wenye magugu na gurudumu la trekta.

Euphrasie alifungua kinywa kukataa. Kisha akaona kitu, na mtaa mzima ukamwona anavyokiona: malori yamesimama mlangoni pake, madereva wanangoja, madereva wana kiu, madereva wamesahau sabuni.

"Uwanja ni wa baba yangu," alisema polepole. "Lakini maendeleo ni ya watu wote."

"Amina," mtu alisema nyuma, na darasa likavunjika kwa kicheko.

Waliondoka wote kwenda kupima, mkutano mzima, na majembe yao. Joëlle alishika ncha ya kamba ukutani kwa Okito, Félicien akashika nyingine kwenye ukingo wa barza ya Mwanvua. Mita tano na nusu, kama alivyosema. Lori moja lingepita na nafasi ikabaki. Lakini maji ya mvua yanayoshuka kutoka juu yalihitaji mfereji, la sivyo mvua tatu zingeikata barabara na kuipeleka mtoni. Mfereji ulitaka mita moja na nusu, na ulitaka upande wa chini, upande wa maji.

Joëlle alitazama upande ule. Hakutaka kulisema. Ilikuwa ni barza.

Mwanvua aliangalia viti vyake saba. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma, akakaa kwenye kimoja kwanza. Akavuta hewa.

"Andika barza," alisema. "Nyumba ibaki, ile ingine ibaki, barza iende. Lakini uandike vile tulisema wote, si vile ulikuja nayo."

"Nitaandika. Siwezi kuahidi kwamba wataikubali."

"Sisi watu sitini tutatia sahihi. Na asiyejua kuandika ataweka kidole. Waikatae tuone."

Waliweka vidole na sahihi juu ya meza ya chai, mpaka karatasi ikapata alama ya kikombe. Joëlle alipofika kwenye sehemu ya mlango, alichora mstari juu ya yale maneno ya zamani, akafikiri, akaandika: mlango wa 2003, kazi ya Zuberi, fundi wa mtaa. Mwanvua akamtaka asome kwa sauti. Akasoma. Akamtaka arudie jina.

Jibu lilikuja mwezi wa tisa. Njia nyembamba ilikubaliwa, na pahali pa kungojea pia. Jumatatu iliyofuata wanaume wa mtaa walivunja barza kwa nyundo, wakipokezana, na Mwanvua akawapikia wali na sombe ya majani ya mihogo na kuwasema kila mmoja jinsi anavyopiga nyundo kama anabembeleza mtoto.

Jioni ile Okito alikuwa amekaa nje, kivulini pa ukuta wake, anasikiliza redio yake ndogo kwa amani. Alisikia kitu kinaburutwa. Mwanvua alikuwa anavuka njia na viti viwili, nyuma yake Euphrasie na viwili vingine, na nyuma yao wengine na birika na masufuria.

"Shemeji," Okito alisema, "munaenda wapi?"

"Tumefika."

Okito alitazama viti vinavyopangwa ukutani pake, kimoja, cha pili, cha tatu. Alitazama mlango wake, uliopona kuvunjwa. Akazima redio.

"Mpaka saa ngapi?"

"Sogeza mguu," Mwanvua alisema, akimmiminia chai. "Yule binti Joëlle anakuja pia, na ameniambia iko na habari ya shefu Félicien ambayo haujasikia."