Breki za Mwalimu Mwanarehema

Ijumaa hiyo, saa kumi na nusu, Mwalimu Mwanarehema aliliingiza gari lake kwenye gereji ya Randu, nyuma ya soko la Changamwe, likipiga kelele za chuma kwa chuma tangu barabara kuu. Randu alimwamkia shikamoo akiwa ameshapiga magoti, jeki mkononi. Gurudumu la mbele lilipotoka alichomoa pedi za breki, akazipuliza vumbi na kuziweka juu ya gazeti. Zilikuwa zimelika mpaka zimebaki nyembamba mfano wa ganda la yai.

"Mwalimu, hizi ulikuwa wasimama nazo vipi? Kwa bismillahi?"

"Kwa bismillahi na kwa hizo hizo ulizonifunga wewe mwaka juzi, mwanangu."

Randu alicheka, akaingia ndani, akatoka na maboksi matatu. Ni fundi ambaye hakuuzii kitu kabla hajakueleza, na wateja wengi humlalamikia kwa hilo, kisha hurudi. Aliyapanga maboksi kwenye boneti na kuanza na la kwanza.

"Hizi za kawaida. Zashika, hazina ugomvi. Ila mvua ikinyesha zitalia, na vumbi lake jeusi litakuchafulia rimu." Akaligusa la pili, lililokuwa jekundu. "Hizi ndizo vijana wanazozitaka, kwa sababu ya rangi. Ni za mbio. Hazishiki mpaka zipate moto. Asubuhi watoka getini, wakanyaga, gari laenda zake. Zawafaa watu wanaozunguka uwanjani, si mtu anayekwenda shule."

"Na hizo za tatu?"

"Seramiki. Kimya, vumbi kidogo, hazili diski, zashika baridi na zashika moto. Na zinawasimamishia hata marehemu."

Mwanarehema aliuliza kama atalazimika kubadilisha na diski pia. Randu akapima diski kwa kipimo chake, akasema zingali nene, zitatosha mwaka mzima.

"Marehemu wote?" akauliza Mwanarehema.

"La, mwalimu. Waliokufa barabarani wakivuka. Waliokufa kwa maradhi hawana haja na breki." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Hizi za kawaida zinawasimamishia walio hai, tena si wote. Hizi za tatu, ukikanyaga na kuna mtu ataka kuvuka, yu hai au hayupo, gari litasimama na utamuona. Kasoro yake ni moja. Utachelewa. Barabara hii ina watu."

Mwanarehema alivuta kiti cha plastiki akaketi. 

Miaka mitatu nyuma, binti yake Zuleikha alitoka nyumbani Port Reitz kwenda siku yake ya kwanza ya kazi. Alikuwa amepata ukarani kwenye ghala moja ng'ambo ya barabara ya malori. Alivaa malapa kwa sababu kando ya barabara kulikuwa na tope, na viatu vya kazi alivitia kwenye mfuko. Hapakuwa na kivuko, wala matuta, wala alama. Lori la kontena lilimpiga kabla hajafika katikati. Viatu vilirudishwa nyumbani, visafi kama vilivyotoka dukani.

Tangu siku hiyo Mwanarehema aliandika barua kwenye ofisi inayohusika na barabara, kila muhula moja, akiomba matuta. Hakujibiwa. Na kila asubuhi, akienda shuleni, alifanya wanachofanya watu wote wa njia ile walio na mtu wao pale: alipofika mwanzo wa ukuta mrefu wa maghala alianza kumsomea Fatiha, bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Jirani zake Wakristo hupiga ishara ya msalaba, mkono mwingine kwenye usukani. Hakuna anayesimama. Ukisimama, lori lililo nyuma yako litakupigia honi mpaka usahau ulikuwa waomba nini.

Kilichomkalisha kwenye kiti cha plastiki haikuwa hofu ya kumuona mwanawe. Alikuwa akiogopa hesabu ya siku. Ikiwa Zuleikha yuko pale, basi amekuwa yuko pale miaka mitatu, na mama yake amempita kila siku ya shule kwa kasi ya sitini.

"Funga hizo za tatu," akasema.

Randu alizifunga, akamwagiza asizitegemee kabla hajazizoeza. Pedi mpya na diski ya zamani hazijuani. Kesho, barabara ikiwa nyeupe, aende upande wa uwanja wa ndege, afike sitini, akanyage mpaka kumi, aachie, arudie mara kumi na tano, wala asisimame kabisa katikati ya zoezi hilo. Kisha aliache gari lipoe. Watu wengi hawafanyi hivyo, halafu husema fundi kawauzia bandia. Mwanarehema alifanya vyote Jumamosi, akihesabu kwa sauti kama anavyowahesabia watoto wa darasa la kwanza.

Jumatatu, saa moja na dakika kumi, alifika mwanzo wa ukuta. Alipeleka mguu kwenye breki, na gari likasimama bila kelele, wala kichwa hakikumruka mbele. Kazi ya Randu ilikuwa nzuri.

Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta kama watu wa foleni ya benki. Kulikuwa na mzee aliyekumbatia kuku, na mwanamume na baiskeli ya madumu, na wanawake wawili waliotoka zamu ya usiku na ambao bado walikuwa na usingizi. Wote kwa pamoja walikuwa arobaini na mmoja. Waliangalia kulia, wakaangalia kushoto, wakaangalia kulia tena, kwa sababu waliokufa ni waoga wa barabara na wana haki ya kuwa waoga. Kisha wakaanza kuvuka. Mzee wa kuku aliinua mkono kushukuru.

Zuleikha alikuwa wa kumi na saba. Malapa miguuni, mfuko mkononi.

Mwanarehema aliteremsha kioo. "Zuleikha!"

"Abee, mama." Akaja dirishani. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Nasimama tu." Aliinama akaangalia ndani ya gari. "Umebadilisha mifuniko ya viti."

"Ile ilichanika."

"Nilikuwa nakusikia ukinisomea," alisema Zuleikha. "Kila siku. Lakini nilikuwa napata nusu. Nusu ya pili ulikuwa waimalizia kule kwenye kituo cha petroli."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtoto anayemwambia mamake kwamba chai haina sukari. Lakini Mwanarehema aliyasikia maneno hayo yakimshuka kifuani na kukaa, na hadi leo hayajaondoka. Alizima gari. Nyuma yake malori manne yalipiga honi. Alisoma Fatiha tangu mwanzo, taratibu, akaifikisha mwisho, na Zuleikha akaitikia amina, akaaga, akavuka kwenda kazini.

Shuleni alifika amechelewa dakika ishirini. Mwalimu mkuu alimuuliza, akamwambia amebadilisha pedi. Mwalimu mkuu akaandika hivyo kwenye daftari la zamu.

Ghalani, Zuleikha alikuta kiti chake kina mtu mwingine, jambo la kutarajiwa baada ya miaka mitatu. Walimpa benchi karibu na mlango, akawa apanga risiti za mzani kwa tarehe. Alibadilisha viatu kila asubuhi na kuyaacha malapa chini ya benchi. Saa kumi na moja jioni alihitaji kuvuka kurudi, kwa hiyo mama yake, aliyekuwa akitoka shuleni saa kumi, alijifunza kusahihisha madaftari mpaka wakati huo ufike. Alimwalika aje mpaka nyumbani, chumba chake kingali chake. Zuleikha alisema angependa, ila njia yake ni ile aliyokuwa nayo siku ile, kutoka ukutani hadi ghalani, na haizidi hapo.

Habari haikukawia kuenea. Muuguzi mmoja aliyekuwa na kaka ukutani alikwenda kwa Randu, kisha wazazi wa yule wa baiskeli, kisha karani wa forodha ambaye hakuwa na mtu ila alipenda breki zisizolia. Muhula haujaisha, magari kumi na moja yalikuwa yakisimama pale asubuhi. Malori hayakuwamo. Randu alikwenda mwenyewe kwa wenye malori na boksi la pedi kubwa, wakamkaribisha soda na kumsikiliza mpaka mwisho. Wakasema ni pedi nzuri, ila lori likiwasimamishia marehemu, kontena halitafika. Pedi zao zilitosha kwa kazi yao.

Walio hai nao wakapata faida. Kache, msichana wa kushona kwenye kiwanda cha nguo, aligundua kwamba ukivuka katikati ya marehemu, saa moja na dakika kumi, unafika salama. Kwa hiyo akawa anajipanga nao, kati ya mzee wa kuku na Zuleikha, utepe wa kupimia shingoni. Wawili hao wakazoeana. Kache alimletea Zuleikha habari za watu na bei za vitambaa, na Zuleikha alimhifadhia nafasi kwenye mstari.

"Mwalimu, usichoke," Kache alimwambia Mwanarehema dirishani siku moja. "Wallahi hii ndiyo breki."

"Kuchoka niende wapi," akajibu Mwanarehema. Alikuwa na furaha siku hizo, na hakuona haya kuwa nayo.

Mwezi wa pili ofisi ya barabara ilimtuma afisa wake, Phineas, mtu wa bara, mpole, aliyekuja na mashine ya kuhesabia. Alisimama ukutani kuanzia saa moja hadi saa mbili. Alihesabu magari yaliyosimama, akahesabu wavukaji, akawauliza marehemu kama wana malalamiko. Mzee wa kuku alimwambia wataka matuta na kivuko. Phineas aliandika, akashukuru, akaondoka.

Barua ilifika shuleni baada ya wiki mbili. Ilikuwa jibu la kwanza tangu Mwanarehema aanze kuandika. Ilisema kwamba uchunguzi umefanywa, na imeonekana kwamba mahali pale magari husimama yenyewe kwa hiari na watu huvuka kwa utaratibu, wengi wao wakiwa tayari wamefariki. Kwa hiyo matuta hayahitajiki. Ofisi iliwapongeza madereva.

Mwanarehema aliisoma mara mbili katika chumba cha walimu, akaikunja. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka, na hakuwa na wa kumtolea. Kila neno kwenye barua lilikuwa kweli. Aliketi akaandika nyingine, akaeleza kwamba magari kumi na moja si barabara, kwamba malori hayasimami, kwamba jioni hakuna hesabu iliyofanywa na jioni ndiyo saa mbaya zaidi. Akaipeleka posta kwa mkono wake.

Alhamisi ya wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi. Ulianza saa kumi na kuendelea kupita saa kumi na mbili, kwa sababu ya mjadala wa sare. Muuguzi, mmoja wa wachache waliosimama jioni, alikuwa zamu. Karani wa forodha alipita njia nyingine. Upande wa ghala marehemu walisimama, wakaangalia kulia, wakaangalia kushoto, na kwa kuwa hakuna gari lililosimama, walibaki pale pale. Kache hakuweza kubaki. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani aliyengoja dawa. Zuleikha alimwambia subiri. Kache akasema nimeshazoea, nitakwenda mbio.

Lori lililompiga lilikuwa na pedi za kawaida, na zilikuwa nzima. Polisi walizikagua.

Ijumaa Mwanarehema alikwenda mazishini. Jumatatu, saa moja na dakika kumi, alifika mwanzo wa ukuta, akakanyaga, gari likasimama. Aliwahesabu kama alivyozoea. Walikuwa arobaini na wawili.

Kache alikuwa wa mwisho kwenye mstari, utepe shingoni, mfuko wa dawa mkononi. Wenzake walikuwa wameshaanza kuvuka naye alikuwa bado hajajua kama ni zamu yake. Malori yalipiga honi. Mwanarehema alizima gari, akateremsha kioo.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pita."

"Shikamoo, mwalimu. Nimewachelewesha?"

"Hata. Pita taratibu."

Zuleikha alirudi kutoka katikati ya barabara, akamshika mkono, wakavuka pamoja bila haraka. Walipofika ng'ambo alimpeleka penye kivuli cha lango la ghala, akamwonyesha pa kusimama jioni, na akamwambia Alhamisi za mkutano wa wazazi asitegemee mtu.