Wapagazi wa Flavia

Jumatatu saa mbili asubuhi Flavia aliegesha baiskeli mbele ya nyumba ya wageni ya Mzee Gerson, Mtendeni. Akafungua kopo la rangi ya kahawia, kisha akaona wapagazi kumi na wawili aliowachora ukutani Jumamosi wameshusha mizigo. Walikuwa wamekalia pembe za ndovu, wanasugua shingo.

"Wanyanyue," Mzee Gerson alisema. "Wageni wanafika Ijumaa."

Akawanyanyua kwa brashi. Jumanne akawakuta wamekaa tena. Flavia ndiye aliyechora nusu ya saluni za Tabora, na hakuna hata kichwa kimoja alichochora kilichowahi kumkaidi. Ilimuuma. Muuza mihogo wa jirani akamwambia aende Cheyo kwa Mama Marcelina, ambaye hupaka nyumba yake udongo na kuichora kila masika yakiisha.

Ukuta wa Mama Marcelina ulikuwa na wapagazi wa masizi na majivu, nao walikuwa wakitembea. Waliokuwa upande wa jikoni saa nne walifika mlangoni saa sita, na mwenye nyumba alishasogeza ndoo zake kuwapisha. Kila mmoja alikuwa na sura yake. Mmoja alikuwa na pengo, mwingine amenuna, na mwanamke mmoja alibeba vyungu huku mtoto kalala mgongoni. Flavia alisimama hadi miguu ikafa ganzi. Aliona wivu, kisha furaha, kisha hasira kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemtajia mama huyu.

"Shikamoo, mama. Wangu wamegoma kubeba."

"Marahaba. Umewatwika wapi?"

"Kichwani, kama kwenye vitabu."

"Mnyamwezi alibeba begani, mwanangu. Na wewe Mnyamwezi mzima unakwenda kuuliza vitabu. Sura umewapa?"

"Mzee Gerson kasema sura ni ya mzungu tu, yule wanayembeba kwenye machela. Wengine migongo inatosha."

"Basi na mimi ningekaa," Mama Marcelina alisema, akampa bakuli la masizi.

Jumatano Flavia alifuta kila kitu isipokuwa mzungu kwenye machela yake. Akawachora upya, mizigo ikiwa begani. Akawapa wapagazi sura za watu anaowajua: fundi baiskeli, shangazi yake Tatu, marehemu babu yake. Alhamisi mchana wakanyanyuka wenyewe, wakaiweka machela chini taratibu, wakaondoka.

"Warudishe," Mzee Gerson alisema.

"Siwarudishi. Nimewachora, sikuwaajiri."

Mzee Gerson akaita mtu wa chokaa. Wapagazi walitokeza upande wa pili wa chokaa, wakaendelea.

Ijumaa wageni wakaja. Walimpiga picha mzungu, wakasoma kibao cha shaba chini yake kinachosema alivuka nchi hii peke yake. Babu yake Flavia alipita ukutani kando yao na mzigo wake, na hakuna aliyeuliza jina lake. Kibao hakijaondolewa mpaka leo.

Flavia alikuwa ameshahamishia ngazi kwenye ukuta wa jirani. Alikuwa anachora barabara, haraka haraka, maana mpagazi wa kwanza alikuwa amefika pembeni mwa ukuta na hapendi kusubiri.